Ulinganisho: riwaya ya taharuki, riwaya kongwe na riwaya ya mapenzi. Kundi la kusoma lianze na ipi?

MwanaMaktaba (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kundi letu la kusoma lina watu 12, mdogo ana miaka 19 na mkubwa amepita 60. Tumekubaliana kusoma riwaya 3 za Kiswahili kwa miezi 3: moja ya taharuki, moja kongwe, moja ya mapenzi. Nimepewa kazi ya kuchagua. Haya ndiyo majina yaliyobaki mezani, na ninavyoyaona:

Taharuki: *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla (1960), *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla (1965), na *Kufa na Kupona* ya Elvis Musiba (1974). Ya kwanza inakupa fumbo, ya pili inakupa polisi wa Dar es Salaam wakiwa kazini, ya tatu inakupa mbio.

Kongwe: *Kusadikika* ya Shaaban Robert (1951) au *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi (1971). Kusadikika ni fupi lakini nzito kuingia. Rosa Mistika inaingilika upesi, ila inaumiza.

Mapenzi: *Kiu* (1972) na *Nyota ya Rehema* (1976), zote za Mohamed Suleiman Mohamed, au *Vuta n'kuvute* ya Adam Shafi (1999).

Nilichopanga ni kitabu kimoja kila mwezi, tukutane mwisho wa mwezi. Naomba maoni ya wanaozijua, hasa ni wapi wasomaji hukwama.

---

KikoMezani

Mkuu, kwa taharuki chukua Mzimu wa Watu wa Kale. Huyu mzee aliishinda nayo tuzo ya kwanza ya mashindano ya uandishi ya 1957/58 yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, na ndipo mpelelezi wake, Bwana Msa, alipozaliwa. Bwana Msa hatembei na bastola. Ana kiko, ana rafiki yake Najum, na ana subira ya kusikiliza watu wakisema zaidi ya walivyokusudia. Mtu ameuawa, mahali penyewe ni mzimuni, na kila mtu ana sababu ya kuamini kwamba ni kazi ya mizimu. Bwana Msa anauliza maswali ya kawaida kabisa: nani alikuwa wapi, nani ni ndugu wa nani, nani anafaidika.

Hapo kwenye undugu ndipo wasomaji wengi wanapopotea. Katika riwaya za Abdulla, siri hujificha kwenye nasaba na mirathi kuliko kwenye kisu. Ukishachanganya majina ya watu wawili katika sura za mwanzo, ufafanuzi wa Bwana Msa mwishoni utakupita juu kwa juu, nawe utalaumu kitabu. Dawa yake ni karatasi moja. Kila jina jipya liandikwe siku linapotokea, na mstari uchorwe kwenda kwa mzazi, mke au bwana wake. Majina yakishafika kumi karatasi inaanza kusema yenyewe.

Jambo la pili ni lugha. Kiswahili chake ni cha Unguja, kimejaa misemo na mizaha ya barazani. Msomaji wa bara asikimbilie kamusi kwa kila neno. Aandike pembeni, amalize sura, kisha atazame yale matano au sita yanayojirudia. Ukisimama kila mstari, taharuki inakufa mikononi mwako.

Mkishaipenda, Bwana Msa anaendelea: *Kisima cha Giningi* (1968), *Duniani Kuna Watu* (1973), *Siri ya Sifuri* (1974), *Mke Mmoja Waume Watatu* (1975), *Mwana wa Yungi Hulewa* (1976).

---

Mkongwe wa Mchikichini

Naheshimu Bwana Msa, lakini mnachanganya aina mbili hapa. Upelelezi na ujasusi havisomwi kwa namna moja. Kwenye upelelezi swali ni "nani kafanya?", kwa hiyo msomaji anarudi nyuma kutafuta alichokiruka. Kwenye ujasusi wa Musiba unamjua adui mapema, na swali ni "jasusi Willy Gamba atatokaje humu?", kwa hiyo msomaji anakwenda mbele tu. Nyuma yake pana harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika, na ndiyo maana vijana wa miaka ya 70 waliviona vile vitabu kuwa habari za siku zao.

Kwa kijana wa miaka 19 asiyezoea kusoma, Kufa na Kupona itammalizisha kitabu. Huo ni ushindi mkubwa. Udhaifu wake niuseme pia: wanawake wengi wamewekwa humo kama mtego au zawadi. Kundi lenye wanawake na wanaume lijiandae kulizungumza hilo waziwazi.

Simu ya Kifo ipo katikati. Inspekta Wingo ni polisi, ana ofisi na wakubwa wake, na anafuata ushahidi hatua kwa hatua. Kama lengo ni kuona kazi ya upelelezi inavyokwenda bila ubingwa wa ajabu, hiyo ndiyo yenyewe.

---

KikoMezani

Nakubali tofauti hiyo, mzee wangu. Ila kwa kundi, swali la "nani" ndilo linalozaa mazungumzo. Kwa "atatokaje", kitabu kikiisha na mazungumzo yameisha.

---

Mwalimu_Mstaafu

MwanaMaktaba, ratiba yako ndiyo yenye kasoro kuliko orodha yako. Umezipa riwaya za aina tatu mwendo mmoja. Riwaya ya taharuki ikipewa mwezi mzima, mtu mmoja ataimaliza siku 3, na kabla ya wiki ya pili kumi na mmoja waliobaki watakuwa wameshajua muuaji. Ipeni siku 10, basi. Kubalianeni mahali pa kusimama, sura moja kabla ya mambo kufichuliwa. Kila mmoja aandike jina la anayemshuku na sababu 2, karatasi zikunjwe zitiwe kwenye bahasha, ndipo mwendelee. Mkifungua bahasha mtaona nani alidanganywa na nini, na hapo ndipo ufundi wa mwandishi unapoonekana.

Kusadikika inataka kinyume chake. Ni kitabu chembamba, na wembamba huo ndio unaowaponza watu. Wanakisoma kwa jioni mbili, kisha wanasema ni hotuba tupu. Kitazameni kilivyojengwa. Karama ameshitakiwa, mshitaki wake ni waziri Majivuno, na katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe 6 waliotumwa na nchi ya Kusadikika: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe anarudi na jambo la manufaa, na malipo yake ni kifungo. Someni mjumbe mmoja kwa kikao kimoja, vikao 6 vya dakika 40 vinatosha. Chora jedwali la safu 4: jina la mjumbe, alikokwenda, alicholeta, alivyopokewa. Safu ya nne itawafundisha kwa nini kitabu hiki kiliandikwa kwa mafumbo katika siku za Mwingereza, na kwa nini nchi yenyewe imewekwa angani.

Majina nayo ni sehemu ya maana. Majivuno ni Majivuno, Karama ni Karama. Msomaji aliyezoea wahusika wa Kezilahabi wenye nafsi mbilimbili ataona hawa ni wepesi. Aelezwe mapema kwamba wameumbwa wabebe fikra, asiwadai kitu kingine.

Rosa Mistika ni kazi kubwa, lakini si ya kundi linaloanza. Iliwahi kupigwa marufuku shuleni Tanzania, na sababu utaziona ukisoma: ukali wa Zakaria kwa binti yake, kisha yale yanayomkuta Rosa akitoka mikononi mwa baba, mpaka kutoa mimba na kujiua. Haifichi. Mkiichagua, msimamizi awaambie watu yaliyomo kabla ya ukurasa wa kwanza, na kikao kisiwe na haraka.

---

MwanaMaktaba

Shikamoo mwalimu. Hilo la mwendo sikuliona kabisa. Na mapenzi je, yapewe muda gani?

---

BintiWaNgambo

Nijibu mimi hapo, mwalimu akiniruhusu.

Riwaya ya mapenzi naipima kwa kikwazo. Uliza: ni nini kinachowazuia hawa wawili, na kikiondolewa, hadithi inabaki na nini? Katika hadithi nyingi nyepesi kikwazo ni barua iliyopotea au rafiki mwenye wivu. Kingeelezwa kwa sentensi moja, basi, harusi. Zile 3 ulizoziweka zinapita kipimo hiki, kila moja kwa njia yake.

Kiu: kikwazo ni mapenzi yenyewe kuwa bidhaa. Mwinyi ana mali na umri, Idi ana ujana na tamaa, Bahati yupo katikati na moyo wake. Neno "kiu" limewekwa kwa makusudi, kila mmoja ana yake na haifanani na ya mwenzake. Ukiifuata hiyo kiu kwa kila mhusika, sura kwa sura, kitabu kinafunguka. Msomaji anayetaka kufarijika asianzie hapa.

Nyota ya Rehema: kikwazo kinaanza siku ya kuzaliwa. Rehema ana rangi ambayo Fuad, baba yake, haikubali. Pendo lake na Sulubu linakuja baadaye, limeota kwenye kazi na shamba, halina maneno matamu mengi. Msomaji anayengoja mahaba katika kurasa za mwanzo atachoka na kukiacha kitabu. Asubiri. Ardhi inapoingia kwenye ugomvi ndipo anaelewa kwa nini utoto ule ulisimuliwa kwa urefu. Kwa Kiswahili chake peke yake, mimi naiweka juu ya zote.

Vuta n'kuvute: hii ndiyo ninayoipendekeza kwa kundi lenu. Yasmin ni binti wa Kihindi, ameozwa angali mdogo kwa Bwana Raza, mtu anayeweza kumzaa. Anakimbia, familia inamkataa, na anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo, sehemu ya mji wa Zanzibar, asiye na kitu ila ukarimu na uchangamfu. Kisha anakutana na Denge, ambaye anawindwa na Inspekta Wright kwa ajili ya siasa zake dhidi ya ukoloni. Kwa hiyo mna mapenzi, mna taharuki, na mna Zanzibar ya miaka ya 1950 mpaka kwenye chupa za mezani na nyimbo za taarab. Kikwazo kipo pande zote: ukoo, dini, rangi, umri, serikali. Huwezi kukiondoa kwa sentensi moja.

Muda: wiki 4, na vikao 2. Kikao cha kwanza kiwe katikati ya kitabu, kwa sababu katika mapenzi wasomaji huchagua upande mapema. Wakikutana mwisho tu, kila mtu atakuwa amesahau alivyomhukumu Yasmin mwanzoni. Filamu yake ya 2021 itazameni baada ya kikao cha pili. Mkiitazama kabla, sura za waigizaji zitakaa kwenye macho yenu na Mwajuma wenu wenyewe hatazaliwa.

---

Mkongwe wa Mchikichini

Binti, hapo kwa Mwajuma umenena. Bila yeye kile kitabu kingekuwa na huzuni tu.

---

Nakuru_Msomi

Hamjambo wenzangu. Kwa upande wa Kenya mmeisahau *Siku Njema* ya Ken Walibora (1996). Ni ya kijana Msanifu Kombo, anayeitwa Kongowea Mswahili, anayeondoka Tanga kumtafuta baba yake Kenya. Mapenzi yamo, lakini kinachoivuta hadithi ni safari. Ina uzuri wa kusimuliwa na mhusika mwenyewe, kwa hiyo msomaji dhaifu hapotei: sauti ni moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tahadhari ni moja. Wengi walikutana nayo kama kitabu cha mtihani na bado wanaisoma wakitafuta "sifa za mhusika" na "maudhui". Kundi likiichukua, marufuku kuleta vitabu vya mwongozo.

---

Kaka_Ubungo

Wakuu, na hizi hadithi za mapenzi za WhatsApp, sehemu ya 1 hadi ya 60? Vijana ndizo wanazosoma.

---

BintiWaNgambo

Si mbaya, kaka, ila zimetengenezwa kwa kulishwa kidogokidogo. Kila sehemu lazima ikatikie mahali pa kushtua ili kesho urudi. Ukiziunganisha uzisome mfululizo, mishtuko 60 inachosha, na mwanzo wa kila sehemu unarudia mwisho wa iliyotangulia. Kijana anayezipenda mpe Musiba kwanza, halafu Vuta n'kuvute. Ataona mshtuko mmoja uliotayarishwa kwa kurasa 80 unavyopiga.

---

DukaLaVitabu

Niongeze ya mkononi tu. Kabla ya kununua nakala 12, hakikisheni ni za toleo moja. Matoleo ya zamani na mapya hayalingani kurasa, na kikao kizima kinaweza kupotea kwa "ukurasa wa 47 kwako, wa 61 kwangu". Ikishindikana, tajeni sura na maneno matatu ya kwanza ya aya.

Mkitafuta kwa simu, andikeni "Vuta nkuvute" na pia "Vuta n'kuvute". Ile alama ya juu huzifanya tafutizi nyingi zirudi mikono mitupu. Nakala za kutoa kopi zihesabiwe kurasa papohapo dukani, hasa za mwisho. Kukosa kurasa 2 kwenye Kusadikika kunavumilika, kwenye Mzimu wa Watu wa Kale kunaua kitabu. Na faili za kuskani zenye kusomwa na mashine huharibu "ng'", kwa hiyo "ng'ombe" na "ngome" zitawachanganya.

Kamusi: moja kwa kundi inatosha. Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA (2015) au Kamusi ya Kiswahili Sanifu.

---

MwanaMaktaba

Asanteni sana, wakuu. Ratiba mpya ni hii. Siku 10 za kwanza: Mzimu wa Watu wa Kale, kwa karatasi ya nasaba na bahasha. Wiki 6 zinazofuata: Kusadikika, mjumbe mmoja kila Jumamosi, na jedwali litundikwe ukutani. Wiki 4 za mwisho: Vuta n'kuvute, vikao 2, kisha filamu. Jumla ni siku 80, haifiki miezi 3, na wenzangu wamekubali. Kufa na Kupona tunanunua nakala 2 kwa ajili ya vijana wakati wa zile Jumamosi za Kusadikika, maana najua mjumbe mmoja kwa wiki hatawatosha.

Mwalimu, swali la mwisho: karatasi za bahasha ziandikwe majina ya waandishi wake au la?

---

Mwalimu_Mstaafu

Ziandikwe. Aliyekosea kwa sababu nzuri atataka kujitetea, na hapo ndipo mtarudi kwenye kitabu kuitafuta ile sentensi iliyompoteza.