Mbona walimu huiacha projekta wanapofundisha dini na maadili?

Muuliza swali:
Ndugu walimu, naomba mchango wenu. Katika idara ninayoisimamia, walimu wanaotumia projekta bila shida kufundisha jiografia huiacha kabatini wanapoingia kwenye kipindi cha dini na maadili. Je, wanakosa mafunzo, au wanaamini kwamba somo hili halifundishiki kwa mashine?

Mchangiaji wa kwanza:
Mtafiti wa teknolojia Fred Davis alieleza mwaka 1989 kwamba kuikubali teknolojia hutegemea imani mbili: kwamba itakufaa katika kazi yako, na kwamba kuitumia hakutakutaabisha. Walimu wako hawana tatizo na hiyo ya pili. Ya kwanza ndiyo nzito, kwa kuwa mwalimu wa dini hajiulizi tu kama wanafunzi wataelewa, bali pia kama somo litawafanya wawe watu wema, na hilo haoni projekta italisaidiaje. Semina nyingine ya kompyuta haitawabadilisha.

Mchangiaji wa pili:
Mimi hufundisha Kurani, na wasiwasi wao nauelewa vizuri. Rekodi ya msomaji mahiri ina faida kubwa, maana mwanafunzi huirudia aya hiyohiyo mpaka sikio lake litofautishe herufi za Kiarabu kaf na qaf, hii ya pili ikitamkwa nyuma zaidi kinywani. Hata hivyo, rekodi haimsikilizi mwanafunzi. Akikosea hakuna wa kumsimamisha, na kosa likishazoeleka ulimini ni kazi kubwa kuliondoa. Kwa hiyo rekodi naikubali kwa mazoezi ya nyumbani, lakini kusomeshwa ana kwa ana na mwalimu sitakuacha.

Mchangiaji wa tatu:
Kwa upande wa maadili, naona kuiweka simu nje ya somo ni hatari zaidi, kwa sababu humo ndimo vijana wanamotukanana, wanamosambaza picha za wenzao bila ridhaa na wanamopokea maneno yanayodaiwa kuwa ni aya au hadithi ya Mtume. Chukueni ujumbe mmoja wa namna hiyo, muuonyeshe kwa hiyo projekta, kisha wanafunzi watafute umetoka kitabu gani, sura ipi, nani ameusimulia, na mistari inayoutangulia inasema nini. Mwalimu mwenye elimu ya dini ndiye atakayehitajika zaidi katika kipindi hicho.

Muuliza swali:
Nashukuru. Basi kabla ya kuitisha mafunzo yoyote, nitawauliza kwanza wanahofia kupoteza nini.