Meli ya mafuta ya jeshi la majini: kwa nini manowari zisirudi bandarini tu, na mafuta yanavukaje meli zikiwa mwendoni?

MkukuWaChuma:
Wakuu, salaam. Ninafuatilia meli za mafuta za Uingereza za daraja la Tide. Ziko nne: Tidespring, Tiderace, Tidesurge na Tideforce. Zilijengwa Korea Kusini, kila moja ina urefu wa mita 200 hivi, na inabeba mita za ujazo 19,000 za mafuta pamoja na 1,300 za maji ya kunywa. Frigeti (manowari ya ukubwa wa kati) ya Uingereza ya aina ya Type 23 nayo inatajwa kuwa inaweza kwenda maili 7,500 za baharini kwa noti 15, yaani maili 15 za baharini kwa saa. Sasa chombo chenye uwezo huo kinamhitaji nani njiani? Pili, kwa nini meli mbili zisisimame kabisa wakati wa kupitisha mafuta, badala ya kwenda sambamba huku zimefungwa nyaya? Na tatu, ni kitu gani hasa huwa kinaharibika? Naomba majibu ya kiufundi.

Sukani:
Mkuu, anza na hiyo 7,500. Ukiigawa kwa noti 15 unapata saa 500, yaani siku 21 hivi, tangi likiwa limejaa pomoni mwanzoni na tupu kabisa mwishoni. Hakuna kamanda anayekubali kufika huko. Manowari yenye tangi tupu haiwezi kukimbia wala kupigana, na hata msimamo wake majini unaharibika kwa sababu mafuta ndiyo uzito wa chini unaoituliza.

Kisha noti 15 ni mwendo wa kubana matumizi. Type 23 inapotembea taratibu inatumia dizeli na mota za umeme. Ikitaka mwendo mkali inawasha tabo za gesi, injini zenye nguvu zaidi zinazokunywa mafuta mengi. Kanuni ya jumla ya meli ni kwamba ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu inayohitajika hupanda karibu mara nane. Kwa kila maili unateketeza takriban mara nne ya mafuta. Frigeti inayolinda meli kubwa haitembei taratibu siku zote: inatangulia, inarudi nyuma, inafukuza, inapokea helikopta. Ile 7,500 inayeyuka haraka sana.

Mfano wa karibu na kwetu ni doria ya Beira. Kuanzia 1966 hadi 1975 manowari za Uingereza zilikaa kwenye Mlango wa Msumbiji kuzuia mafuta yasifike Rhodesia (leo Zimbabwe) kupitia bandari ya Beira. Kutoka Beira hadi Mombasa ni takriban maili 1,000 za baharini. Kwa noti 15 hizo ni siku karibu tatu kwenda na tatu kurudi. Kila frigeti ingekuwa inakwenda Mombasa kwa ajili ya mafuta tu, ingepoteza wiki nzima kila safari, na ungehitaji meli nyingine ya kushika nafasi yake. Meli za mafuta za Royal Fleet Auxiliary, kikosi cha meli za huduma cha jeshi la majini la Uingereza, ambazo mabaharia wake ni raia na si wanajeshi, ndizo zilizofanya doria iwezekane. Mwaka 1966 meli ya kubeba ndege HMS Eagle ilikaa baharini zaidi ya siku 70 bila kuingia bandarini. Hapo unaona kazi yenyewe: meli ya mafuta inageuza siku za safari kuwa siku za doria.

Demani:
Sukani amelimaliza la kwanza. Mimi nijibu la pili, maana ndilo linalowachanganya wengi.

Meli iliyosimama haina usukani. Usukani unafanya kazi kwa maji yanayopita juu yake; yasipopita, meli inageuzwa na upepo na kulala ubavu kwa mawimbi. Weka mbili za namna hiyo karibu karibu, moja ya tani 4,900 na nyingine ya tani 39,000, kila moja ikiyumba kwa kasi yake, na zitagongana. Kwa noti 12 hadi 16 zote mbili zinashika usukani na kulala vizuri juu ya mawimbi. Na kivitani, chombo kilichosimama ni shabaha rahisi kwa nyambizi.

Utaratibu uko hivi. Meli ya mafuta ndiyo kiongozi: inachagua mwelekeo na mwendo, kisha haibadilishi. Inapandisha bendera ya R upande inaotaka kuhudumia, kwanza nusu mlingoti kuonyesha inajiandaa, kisha juu kabisa ikiwa tayari. Manowari inakuja kutoka nyuma ikiwa na ziada ya noti 3 hadi 5, na inapunguza mwendo mapema ili ifike sambamba ikiwa imelingana na kiongozi. Nafasi kati yao ni mita 30 hadi 60, kutegemea ukubwa wa meli na hali ya bahari. Kuanzia hapo manowari peke yake ndiyo inayorekebisha: nusu digrii ya mwelekeo, au mizunguko michache ya rafadha (panga zinazosukuma meli) kwa dakika. Mshika usukani hapewi kazi nyingine.

Hatari yenyewe iko kwenye maji yaliyo katikati. Omo (mbele) na tezi (nyuma) za meli inayotembea zina shinikizo kubwa la maji, na ubavuni shinikizo ni dogo. Manowari ikifika usawa wa tezi ya meli ya mafuta, omo yake inasukumwa nje. Ikisogea mbele na mbavu zikalingana, zote mbili zinavutana. Asiyelijua hilo atasukuma usukani kupingana na msukumo wa kwanza, kisha mvuto wa pili unamkuta tayari amegeukia ndani. Wakati wa kuondoka kosa ni kinyume chake: ukikata usukani kwa nguvu kwenda nje, omo inatoka lakini tezi yako inageukia kwenye meli ya mafuta. Unatakiwa kuongeza mwendo kidogo kidogo na kutoka kwa digrii moja moja hadi tezi iwe imepita salama.

Winchi_na_Waya:
Naongeza upande wa sitaha, kwa mtindo wa Marekani ambao ndio umeenea zaidi.

Filimbi moja kutoka kwa meli inayorusha kamba, mbili kutoka kwa anayepokea kuonyesha watu wamejikinga, kisha bunduki maalumu inarusha uzi mwembamba. Uzi unavuta kamba tangulizi, na kamba inavuta waya mkuu wa chuma, unene wa milimita 19 hadi 22. Pamoja nao inavuka kamba ya simu, na ile ya kupimia umbali yenye vibendera vya rangi kila futi 20, ili chumba cha usukani kisome nafasi kwa jicho bila kusubiri chombo chochote.

Waya mkuu unafungwa kwenye kulabu ya kufyatua upande wa anayepokea, kisha meli ya mafuta inaukaza. Winchi peke yake haitoshi hapa. Kuna silinda ya hewa iliyoshindiliwa yenye kapi zinazosogea: meli zikiachana inaachia waya, zikikaribiana inaumeza, na mkazo unabaki uleule. Silinda hiyo ikipoteza shinikizo, waya unalegea hadi majini, kisha wimbi moja linaunyoosha ghafla na unakatika. Ndiyo maana hakuna mtu anayeruhusiwa kusimama kwenye mstari wa waya wala ndani ya kitanzi cha kamba.

Mpira wa mafuta wa inchi 7 unaning'inia chini ya waya huo kwa vitoroli. Mwisho wake una ncha ya chuma inayoteleza mpaka kwenye mdomo wenye umbo la kengele wa anayepokea na kujifunga yenyewe. Kiashirio kinaonyesha imekaa sawasawa. Hapo ndipo bendera ya B nyekundu, ishara ya kupitisha mafuta, inapanda.

Mpira mmoja wa namna hii unaweza kupitisha hadi galoni 180,000 za Marekani kwa saa, kama mita za ujazo 680, lakini anayepokea mara nyingi ndiye anayebana kasi. Pampu inaanza polepole, watu wanakagua kama kuna mahali panapovuja, kisha inaongezwa. Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza, kusahau kufungua vali ya tangi linalofuata kabla ya kufunga lililojaa. Shinikizo linapanda kwa ghafla na mpira unapasuka. La pili, kujaza tangi hadi ukingoni. Mafuta yanapanda na bomba la kupumulia na kumwagika baharini. Watu makini wanaomba pampu ipunguzwe kabla ya kugusa vali yoyote, na wanasimama kwenye asilimia 95.

Kabla ya kuchomoa, mpira unapulizwa kwa hewa. Mita 100 za mpira wa inchi 7 zinabaki na lita karibu 2,500 ndani, na hakuna anayetaka hizo zimwagike sitahani.

Sampuli pia msizisahau. Dizeli ya manowari ni F-76 na mafuta ya ndege za meli ni F-44. Yote mawili yanatakiwa yasiwake chini ya nyuzi 60 za Selsiasi, tofauti na mafuta ya kawaida ya ndege za abiria ambayo kikomo chake ni 38. Sampuli ikiwa na ukungu, kuna maji; pampu inasimama.

MkukuWaChuma:
Nashukuru sana wakuu. Usukani ukigoma katikati ya shughuli je? Na meli ya mafuta ya kibiashara, isiyo na nguzo na nyaya hizo, inaweza kusaidia?

Demani:
Usukani ukigoma mnaachana kwa dharura. Honi fupi mfululizo, pampu inasimama, waya mkuu unalegezwa, ncha ya mpira inatolewa, kisha kulabu inafyatuliwa. Mpangilio huo haupinduliwi: ukifyatua waya ungali umekazwa, unaruka kama kiboko na kuua. Tarehe 16 Mei 2012, karibu na California, USS Essex ilipoteza usukani ikiwa inaikaribia meli ya mafuta USNS Yukon, zikagongana. Hakuna aliyeumia, na mafuta hayakumwagika. Kwa hiyo kabla ya kusogea, usukani wa akiba unajaribiwa na mtu anakaa kwenye chumba chake muda wote.

Sukani:
Kuhusu meli ya kibiashara, jibu ni ndiyo, kwa njia ya nyuma. Mwaka 1982, katika vita vya Falklands, Uingereza ilichukua meli za kampuni ya mafuta ya BP kama British Esk na kuzitumia hivyo. Meli ya mafuta inaburuta mpira mrefu nyuma ya tezi, mwisho wake ukiwa na boya. Manowari inalinasa boya kwa kulabu, inapandisha mpira kwenye omo na kuunganisha. Inakaa nyuma kabisa ya ile ya mafuta, kwa hiyo ule mvuto wa ubavuni haupo, na njia hii inavumilia bahari chafu zaidi. Ubaya wake ni mpira mmoja, kasi ndogo, na manowari moja tu kwa wakati, ilhali meli kamili ya jeshi inahudumia kulia na kushoto kwa pamoja. Ndiyo maana meli za kibiashara zilitumika zaidi kuzijaza meli za mafuta za jeshi, nazo zikaenda mbele kuhudumia frigeti.

Kuikosa meli ya aina hii kunaumiza hata taifa tajiri. HMCS Protecteur, meli ya mafuta ya jeshi la majini la Kanada, iliungua chumba cha injini mwezi Februari 2014 karibu na Hawaii na haikurudi kazini. Preserver, meli nyingine ya aina hiyo ya Kanada, nayo ikastaafishwa. Kanada ikalazimika kuomba kutumia kwa muda meli za Chile na Hispania, hadi Asterix, meli ya makontena iliyogeuzwa, ilipoanza kazi mwaka 2018.

Winchi_na_Waya:
Nyongeza moja kwa njia ya nyuma: puliza mpira kwa hewa kabla ya kuuachia, hata kama mmechelewa. Mpira uliojaa hewa unaelea juu na boya lake linaonekana. Uliobaki na mafuta unalala chini ya uso wa maji, na atakayefuata kwenye foleni anaweza kuupitisha kwenye rafadha.