Hizi "jioni za wawekezaji" hapa Dodoma ni upigaji. Wawekezaji wenyewe wako wapi?

Wakuu salamu. Nimevurugwa, kwa hiyo nitakayemgusa anisamehe, na asiponisamehe poa tu.

Siku hizi hapa Dodoma kuna mtindo: unatumiwa tangazo WhatsApp, "jioni ya waanzilishi na wawekezaji", ukumbi uko Area D, kiingilio elfu 50. Sisi wenye kampuni changa tunajikamua, tunaenda. Juzi kuna dogo wa UDOM kaja na kikaushio cha zabibu alichokiunda mwenyewe, kakipakia kwenye bajaji. Wakamsogeza hadi kona ya chooni, eti mbele ni pa bango la kupigia picha. Hata soketi ya kuchomeka waya hakupewa.

Mimi nikamfuata bwana mmoja mwenye beji shingoni, MWEKEZAJI. Nikamweleza: mkulima wa Hombolo akivuna, viwanda vikijaa zabibu zinamwozea mkononi, mimi nataka kuweka vyumba vya baridi akodi kwa kreti. Anatikisa kichwa, anasikiliza kweli kweli. Nikamuuliza mfuko wenu wa uwekezaji unaweka kuanzia shilingi ngapi. Akacheka. "Mdogo wangu, mimi sina mfuko. Nafundisha watu namna ya kuongea na wawekezaji. Laki 3 tu." Kumbe beji kapewa mlangoni! Wengine niliowabana ni afisa mikopo anayetaka hati ya nyumba, wakala wa bima, na mheshimiwa aliyefungua shughuli akasepa kabla ya chakula.

Mwekezaji wa aina tunayotangaziwa hakopeshi, ananunua hisa. Anajua kampuni nyingi atakazozipa hela zitakufa na chache ndizo zitakazofidia zote, ndiyo maana anasaka kitu cha kukua haraka sana, tena atoke na chake ndani ya miaka kama 10 kwa sababu mfuko nao una mwisho wake. Kwa hesabu hizo huenda vyumba vyangu vya baridi havimfai kabisa. Sawa, niambieni kabla sijatoa elfu 50! Mnatuimbia NALA, ile kampuni ya kutuma pesa kwa simu, kila jioni kama wimbo wa taifa: kweli, mwanzilishi ni Mtanzania na 2024 walipata dola milioni 40, ila aliyeongoza kuweka hizo hela ni mfuko wa Marekani, na sidhani walikutana kwenye soda ya moto na sambusa za jana.

Msiniambie wenye hela wako Dar, Dodoma mbali. Tangu 2024 treni ya SGR inafika hapa, mtu anakunywa chai Dar na mchana anakula Dodoma. Hata mikopo ya halmashauri, pamoja na mizunguko yake yote, unajua asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni ya vijana na masharti unayasoma kabla hujajaza fomu.

Waandaaji, najua mnasoma humu. Tangazo lijalo liseme ni mfuko gani unakuja, unaweka kuanzia kiasi gani na kwenye biashara zipi. Kiingilio wadaini wauza kozi na wauza bima, ndio walioondoka na wateja.

Kuna yeyote humu aliyewahi kupata hata shilingi ya mtaji kwenye hizi jioni? Aseme mwaka na kiasi. Mods, tafadhali uzi huu msiuunganishe na ule wa vikoba.