Fagin jukwaani: alainishwe au aachwe kama alivyoandikwa?

Mleta mada: Wakuu habari za jioni, naomba tubishane kidogo kuhusu Fagin, yule mzee wa Oliver Twist, riwaya ya Charles Dickens, anayewafuga watoto London na kuwafundisha kuchomoa leso mifukoni. Kwenye kitabu Dickens kila mara anamwita "Myahudi" badala ya jina lake, mchafu, mchoyo, manywele mekundu. Sasa njoo kwenye Oliver!, ile tamthilia ya nyimbo ya 1960, jamaa kawa babu mchekeshaji, anaimba, na kitanzi anakikwepa wakati kitabuni ananyongwa. Huu ni uoga tu, kama mnamuonea aibu chezeni kitabu kingine.

Mchangiaji 1: Uoga wa nani mkuu? Aliyeitunga ni Lionel Bart, Myahudi, na Ron Moody aliyemcheza Fagin wa kwanza naye Myahudi. Wamemchukua mtu aliyekuwa anatumika kuwatukana Wayahudi wakamfanya wao, wewe unawapangia wajicheke vipi?

Mleta mada: Hapo umenishika 😅 ila mtazamaji ambaye hajasoma kitabu atajuaje, si anatoka ukumbini anapiga mluzi tu.

Mchangiaji 2: Huyo "kama alivyoandikwa" tulishamuona kwenye filamu ya 1948, mwigizaji Alec Guinness kabandikwa pua kubwa kama kwenye michoro ya zamani ya kitabu, miaka mitatu tu tangu vita viishe, watu wametoka juzi kwenye kambi za Hitler! Marekani ikakaa bila kuonyeshwa mpaka 1951, na hapo wameikatakata kwanza.

Mchangiaji 3: Jamani na Dickens mwenyewe je? 1863 mama mmoja Myahudi, Eliza Davis, alimwandikia kumlalamikia, mzee mwanzoni akajitetea weee, lakini baadae akamtunga Riah, Myahudi mwema, kwenye Our Mutual Friend, na toleo la 1867 akafuta "Myahudi" sehemu nyingi za sura za mwisho. Mwenye kitabu karekebisha, nyie mnang'ang'ania asiguswe.

Mleta mada: Haya basi, pua na matusi nimeviachia, mmeshinda. Ila kitanzi siachii. Someni ile sura ya 52, usiku wa mwisho gereza la Newgate, mzee kakaa peke yake anasikiliza saa za makanisa zinagonga anahesabu zimebaki ngapi, mimi nilimchukia kitabu kizima ila pale nilimuonea huruma, na sini hiyohiyo ndo wameitupa ili watu waende nyumbani wanaimba.