Naomba ushauri: deraya (vazi la kujikinga vitani) ya mtoto kwa maboksi

Wakuu, habari za jioni. Kijana wangu ana miaka 7, kapewa kuigiza shujaa wa farasi wa Ulaya ya karne ya 15 shuleni. Igizo ni Ijumaa, na fundi ndiyo mimi.

Kifua nimekata boksi la friji, nikabandika foili ya jikoni kwa gundi ya mbao. Kwa mbali kinang'aa kweli. Shida ni mabega na viwiko: akiinua upanga tu, boksi linakunjika na foili inachanika. Kukaa ndiyo hawezi kabisa.

Deraya halisi ilikuwa na vipande vyembamba vilivyolaliana kama magamba ya samaki, vikishikwa na ribiti na mikanda ya ngozi. Nataka kuiga hivyo. Je, niunganishe na nini, uzi wa viatu au lastiki?

Kofia nilichonga kwa lile povu jeupe la boksi la TV. Nikapuliza rangi ya kopo, likayeyuka mbele ya macho yangu! Mwenye kujua rangi isiyokula povu anisaidie, mtoto ameshanuna.