Naombeni ushauri: tunaanza kuzunguka kambi kwa gari-nyumba, tusikosee wapi?

Mgeni Njiani (mtoa mada)
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Likizo imekaribia na familia imeamua tuzunguke kwa gari-nyumba, tunalala kambi hii, kesho ile. Gari lina mita tatu kwenda juu na zaidi ya saba kwa urefu. Mimi nimezoea gari dogo. Usingizi umenipaa, nikifumba macho naona nimeng'oa nguzo ya mtu. Wageni huwa wanakosea wapi wakifika kambini? Umeme, maji, kuegesha, choo, lolote. Malipo ya awali tumeshatoa, kwa hiyo naomba mnieleze jinsi ya kwenda. Suala la kwenda au kutokwenda lilishaisha.

Fundi Spana
Umeme kwanza. Uliza soketi ya kambi ni ya ampea ngapi. Ampea 6 kwa volti 230 ni wati 1,380 basi. Birika la umeme la wati 2,000 peke yake linakata umeme, na usiku wa baridi hutapenda kutoka nje kumtafuta mlinzi. Ampea 16 inakupa wati 3,680, hapo unapumua. Halafu kebo iliyoviringwa kwenye gurudumu lake ikunjue YOTE, hata kama soketi iko hatua mbili kutoka mlangoni. Ikibaki imeviringwa huku inavuta mzigo mkubwa, inapata moto mpaka mpira unaanza kulainika.

Mama Pili
Mwanangu, mimi nakuambia la choo maana wanaume hamlisemi. Tangi la choo linamwagwa mahali pake maalumu tu, si mtaroni wala kichakani. Na angalia bomba. Pale pa kumwagia kuna bomba la kusuuzia tangi, na pembeni kuna la maji ya kunywa. Niliwahi kumwona mtu mzima na akili zake ameingiza mdomo wa tangi la choo kwenye bomba la kunywa. Tangu siku hiyo kila bomba nalifuta na kuliacha litiririke kwanza kabla sijachota. Mume wangu anasema nazidisha. Na azoee.

Dereva Mstaafu
Andika urefu wa gari kwa kwenda juu kwenye karatasi, uibandike mbele ya usukani. Madaraja ya chini hayana huruma. La pili ni mkia. Nyuma ya tairi za nyuma bodi inaendelea mbali, ukikata kona kushoto mkia unafyagia kulia. Kambini ndipo watu wanapogonga bomba na uzio. Shusha mtu asimame nyuma mahali unapomwona kwenye kioo, ukimpoteza simama. Na fikeni kabla ya giza.
Mko wangapi?

Mgeni Njiani
Asanteni sana, nimeandika yote. Mzee, ni familia ya kawaida tu. Na je, turubai la ubavuni naweza kuliacha wazi usiku?

Dereva Mstaafu
Usiliache, upepo ukija utaling'oa na vyuma vyake. Nimeuliza mko wangapi, na gari lina mikanda mingapi.

Tembea Uone
Mkuu jibu swali la mzee.

Mgeni Njiani
Tuko sita. Mimi, mke wangu, mama mzazi na watoto watatu. Mikanda ipo minne, lakini vitanda ni sita, na gari limetengenezwa kwa watu sita. Wadogo wawili watakaa kitanda cha nyuma na mito, mwendo nitaenda taratibu, na kutoka kambi hadi kambi si mbali. Nimefikiria pia kufunga mikanda miwili kwenye benchi la pembeni.

Mama Pili
Mwanangu, hapana. Hapana kabisa.

Fundi Spana
Idadi ya vitanda ni ya gari likiwa limesimama. Idadi ya mikanda ndiyo ya barabarani. Na benchi la pembeni limejengwa kwa mbao nyepesi, mkanda wa kufunga kwenye mbao unang'oka pamoja na mbao zake. Mkanda unataka fremu ya chuma iliyoshikana na chesi. Ukifunga breki za ghafla kwa kilomita 50 kwa saa, mtoto aliye kitandani haendi taratibu kama wewe, anaruka mpaka mbele.

Sauti ya Jirani
Wazazi wa siku hizi mnaweka raha mbele. Zamani tulikuwa tunakaa nyumbani likizo nzima na tulikua vizuri tu.

Tembea Uone
Ngojeni kidogo. Mtoa mada alisema wametoa malipo ya awali. Gari la kukodi utalitoboaje sakafu ufunge mikanda? Na hapo mwanzo hakutaja mama wala watoto. Mimi nahisi hii ni chai, mtu anatuchangamsha jukwaa.

Kijana wa Pwani
Chai ya moto kabisa 😂 sita, mikanda minne, halafu swali ni turubai.

Sauti ya Jirani
Moderata funga uzi. Watu wanatumia watoto kutafuta komenti.

Dereva Mstaafu
Hata kama ni ya kutunga, kuna mwingine anasoma hapa kimyakimya na ana mpango huohuo. Mimi nitaendelea kujibu.

Mgeni Njiani
Si chai. Malipo ya awali ni ya kambi. Gari ni la shemeji yangu, ametuazima, na kutoboa ningemwomba ruhusa. Sikutaja idadi kwa sababu nilijua mtasema hivi, na mama ameisubiri safari hii tangu alipougua. Kumwambia abaki siwezi. Bati la maelezo ya gari linasema uzito wa mwisho ni kilo 3,500. Tumepita mizani leo bila abiria, tangi la dizeli limejaa, imesoma 3,060. Kwa hiyo uzito uko sawa.

Fundi Spana
Mimi naamini, hizo namba si za mtu anayetunga. Ila uzito hauko sawa, tupige hesabu. Una kilo 440 za kuchezea. Watu wazima watatu na watoto watatu, tuseme 330. Zimebaki 110. Tangi la maji safi la lita 100 ni kilo 100. Zimebaki 10, na hujapakia mtungi wa gesi, chakula, nguo, viti vya nje wala kebo yenyewe. Ukipita uzito wa bati breki zinachelewa na tairi zinachemka. Angalia na umri wa tairi, namba nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka. 2318 ni wiki ya 23 ya 2018. Magari haya yanakaa sana, tairi zinazeeka na kashata, yaani meno ya tairi, bado nzima.

Mama Pili
Mama yako asibaki. Apande basi au treni na mjukuu mmoja, mkutane kambini. Atafika hajachoka, na atakuwa na kiti chake.

Mwanakambi
Ongezeni hili. Mvua ikinyesha msiingize jiko la mkaa ndani ya gari wala chini ya turubai lililofungwa, hata kama moto unaonekana umezima. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, inawakuta watu usingizini. Nunua king'ora chake, kitundike ndani.

Mgeni Njiani
Nimeongea na mama. Amekubali treni, na amemchagua wa kwanza aende naye, sasa nyumbani kuna ugomvi wa nani mpendwa wa bibi. Tutabaki wanne, mikanda minne. Maji nitajaza nikishafika, njiani tubebe ya kunywa tu. Bado naona kwa mwendo mfupi ingewezekana, ila sitabishana tena. Gari likisimama mahali pameinama nifanyeje? Shemeji anasema friji linagoma.

Fundi Spana
Hilo litakuwa friji la gesi, linataka gari likae sawa. Weka kabari chini ya tairi za upande ulioshuka, pandisha gari polepole, breki ya mkono, ndipo upime kwa pima maji mezani na karibu na friji. Asubuhi ya kuondoka zunguka gari zima: kebo imetoka, ngazi imeingia, madirisha ya paa yamefungwa, gesi imefungwa. Mwenzako naye azunguke peke yake, asikuulize umeangalia nini.