Saketi ipi ya kutobolea kauri: masafa yasiyobadilika, kufuata fezi, au inayojitetemesha?

FedhaLamu: Assalaam aleikum wadau. Karakana ya vito hapa Lamu inanunua mashine ya kutoboa kwa mtetemo wa 20 kHz (mara 20,000 kwa sekunde). Muuzaji ana saketi tatu za kuendeshea mtetemo: ya masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yasiyobadilika yenye kitufe cha kurekebishia, ya kufuata fezi (hatua ya wimbi la umeme), na inayojitetemesha yenyewe. Bei zapishana sana, na malipo ni wiki hii. Tuchukue ipi?

MitamboMalindi: Waaleikum salaam. Hujasema mwatoboa nini, unene gani, tundu la kipimo gani. Kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji) ya transdyusa, kile kifaa kigeuzacho umeme kuwa mtetemo, je? Ukinzani wake ikiwa na mzigo?

FedhaLamu: Vigae vya kauri vya kutilia vidani, unene milimita 3 hadi 5, tundu milimita 1.5. Pembe, kipande kinachopeleka mtetemo kwenye sindano ya kutobolea, ni ya titani. Transdyusa imeandikwa nanofaradi 4. Ukinzani haukuandikwa.

Sauti20k: Ya masafa yasiyobadilika iache kabisa. Transdyusa nzuri ikiwa hewani Q yake (kipimo cha ukali wa resonansi) hufika 500, yaani upana wa resonansi, masafa ambayo mtetemo huwa mkubwa kabisa, ni 40 Hz tu. Pembe ikipata joto resonansi hushuka. Sindano ikichakaa hupanda. Sindano ikianza kugonga kauri ndiyo balaa zaidi: mkunjo wa resonansi (mchoro wa ukubwa wa mtetemo kwa kila masafa) huinama upande wa masafa ya juu, na kwa masafa yale yale pawezekana mitetemo miwili, mkubwa na mdogo. Shinikizo likizidi kidogo, mtetemo huporomoka hadi ule mdogo, na haurudi mpaka ushushe masafa kisha uyapandishe polepole. Fundi ataona sindano imesimama tu, aidhanie imekufa butu. Chukua ya kufuata fezi.

KikeeChaAlmasi: Kwa tundu moja la mviringo, gharama yote hii ya nini? Kikee (keekee ya kutobolea) chenye ncha ya almasi, maji na mkono mwepesi vyatosha.

Sauti20k: Kwa tundu la mviringo sawa. Akitaka tundu la mraba au la nyota, kikee hakifiki.

MitamboMalindi: Ndugu Sauti, ya kufuata fezi nayo ina mtego wake. Kuna karakana hapa Malindi ilivunja sindano nyingi kwa sababu hii. Saketi ile hutafuta mahali ambapo mkondo na volti vina fezi moja, yaani hupanda na kushuka pamoja. Mahali hapo pako tu iwapo ukinzani wa mtetemo ni chini ya nusu ya kizuizi cha kapasitansi. Kwa nanofaradi 4 na 20 kHz kizuizi ni kama ohmu 2,000, kwa hivyo mwisho ni ohmu 1,000. Mchanganyiko wa unga wa kusagia na maji ulipokuwa mzito na mkandamizo mkubwa, ukinzani ukavuka hapo, fezi ya sifuri ikatoweka. Saketi ikahangaika huku na huko, ikanasa modi ya kupinda ya sindano (mtetemo wa kwenda kando badala ya juu na chini), nayo sindano ikakatika palepale kwenye lehemu ya fedha. Dawa: koili ya milihenri 15.8 sambamba na transdyusa ili kufuta kapasitansi, na saketi ifungiwe isitoke nje ya 300 Hz juu au chini ya resonansi.

UdhibitiPwani: Ndiyo maana mimi nashikilia ile inayojitetemesha, njia ya mtafiti Babitsky na wenzake kule Loughborough, Uingereza. Ishara ya kihisi cha mtetemo huchujwa, husogezwa fezi, hukatwa kimo, kisha hurudishwa kwenye kikuzaji. Resonansi ikihama, masafa yahama nayo.

MitamboMalindi: Chujio likiwa pana, nayo hunasa modi ya kupinda vilevile. Muuzaji aseme upana wa chujio lake.

UdhibitiPwani: Hilo nakubali. Yoyote atakayochukua, iwe na udhibiti wa mkondo pia. Mkondo wa mtetemo hufuata kasi ya ncha: kimo (ukubwa wa mtetemo) cha mikroni 20 kwa 20 kHz ni mita 2.5 kwa sekunde. Bila hivyo atashika masafa sahihi huku kimo kikipungua.

Sauti20k: Unga je? Kabidi ya silikoni namba 320 hupanua tundu kama mara mbili ya kipimo cha chembe, basi sindano iwe 1.4. Kigae kibandikwe kwa nta juu ya kioo, kisipasuke upande wa kutokea.

KikeeChaAlmasi: Na maji yawe matamu, ya Shela. Ya chumvi yatakula kiungo cha sindano.

BintiPate: Samahanini, vigae vyenyewe vyatoka wapi? Vya kwenye magofu havichukuliwi, sheria ya 2006 ya makumbusho na turathi iko wazi.

FedhaLamu: La, dada, ni sahani zilizovunjika majumbani. Upana wa chujio nimemuuliza muuzaji, bado hajajibu.

BintiPate: Za majumbani nazo nyingine ni kongwe. Zionyesheni pale makumbusho kabla ya kutoboa.